Hakimu Kiboko na Mwizi Aliyebisha Hodi

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi wa nyuma huko sikuwasikia. Mmekuja kusikiliza au mmekuja kuota moto? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimejua nina watu. Sogeeni karibu. Huyo mtoto mpakateni, na mwenye kukohoa akohoe sasa amalize.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama na binadamu walikuwa bado wanaamkiana njiani, palikuwa na nchi iliyoitwa Bonde la Mabwawa. Hakimu wa nchi hiyo alikuwa Bi Kiboko, mama mtu mzima, mwenye mwili wa kujaza bwawa na masikio madogo yasiyopitwa na neno. Kesi zote alizisikiliza akiwa majini. Maji yalimfika shingoni, walalamikaji wakasimama ukingoni, na Chura, ambaye alikuwa mpiga mbiu wa mahakama, akakaa juu ya jani la yungiyungi. Chura alikuwa na tabia moja: kila neno la hakimu alilirudia mara tatu, hata kama hakimu amesema tu kwamba maji ya leo yana baridi.

Nchi hiyo ilikuwa na sheria moja tu ya wizi. Waliitunga bibi zao wa zamani, wakati ambapo wezi walikuwa watu wa kunyakua na kutimua mbio. Ilikuwa fupi, hata watoto waliiimba wakiruka kamba: "Aliyeingia bila hodi, aliyechukua bila kuomba, aliyekimbia alipoitwa, huyo ndiye mwizi." Ukikutwa na moja kati ya hizo tatu, mhunzi mmoja aliyeitwa Msabaha alikufunga njuga ya chuma mguuni, ukachota maji ya kumwagilia bustani za watu msimu mzima, na kila hatua yako ikasema chwi, chwi, chwi, ili kila mtu ajue nani anapita.

Bi Kiboko aliipenda sheria hiyo. Aliwauliza watu maswali matatu, wakamjibu, akaamua, akazama. Hakuwahi kukosa usingizi kwa sababu ya kesi.

Mpaka alipohamia Ngawa.

Ngawa mnamjua, yule mwenye madoa mgongoni, ambaye mwilini mwake mwenyewe hutoka mafuta ya kunukia. Alifika Bonde la Mabwawa akitanguliwa na harufu yake, na watu wakamfungulia milango kabla hawajamwona. Aliwaamkia wakubwa, akawaamkia wadogo, akawaamkia hata waliokuwa wamelala. Mlangoni alibisha hodi, akasubiri, akabisha tena, akasubiri, na alipokaribishwa akajipangusa miguu kwanza. Wanawake waliwaambia waume zao wamtazame Ngawa wajifunze.

Wa kwanza kumkaribisha alikuwa Kanga, mjane, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kuvuna mtama wake. Ngawa alikaa, akanywa maji, akasifu watoto, kisha akatoa habari. Alisema amepita kule mlimani, na dada yake Kanga amejifungua salama, lakini hali yake ni dhaifu na anatamani uji wa mtama. Kama Kanga anataka, yeye anarudi huko huko na anaweza kuubeba.

Kanga alilia kwa furaha. Mtama wote akautia kikapuni, akamtwisha Ngawa kwa mikono yake, akamsindikiza mpaka njia panda. Baadaye dada mwenyewe akaja kumtembelea, tumbo limenyooka kama ubao, akauliza mzazi gani.

Kesi ikaja bwawani. Bi Kiboko akauliza maswali yake. Kanga akasema ndiyo, alibisha hodi. Ndiyo, aliomba, tena kwa adabu. La, alipomwita hakukimbia, alikuja mara moja na kumuuliza hali ya watoto. Ngawa alipopewa nafasi alisimama ukingoni, akaweka mkono kifuani.

"Bi Hakimu," alisema, "je, niliingia bila hodi?"

"Hukuingia bila hodi."

"Je, nilichukua bila kuomba?"

"Hukuchukua bila kuomba."

"Je, nilikimbia nilipoitwa?"

"Hukukimbia," alisema Bi Kiboko, na moyoni alihisi kitu kimemkwama kama mwiba wa samaki.

Kuhusu dada mzazi, Ngawa alieleza kwamba hizo zilikuwa habari za njiani, na za njiani mtu hawezi kuzipima. Na mtama je? Mtama aliubeba kweli, ila njiani alikutana na mwenye njaa kumzidi mzazi yeyote. Alipoulizwa huyo alikuwa nani, alisema alikuwa ni yeye mwenyewe.

Watu walicheka. Kanga hakucheka. Bi Kiboko alitamka kwamba sheria haimwoni mwizi hapa, Chura akalirudia hilo mara tatu, na kila aliporudia lilizidi kuwa baya.

Wa pili alikuwa Mzee Ngiri. Huyu alikuwa na mke na watoto, na nyumba nzuri chini ya ardhi ambayo alikuwa ameichimba mwenyewe tangu ujana. Ngawa alibisha hodi, akakaa, akatazama juu, akasikitika. Alisema ameona dari nyingi katika safari zake, na dari kama hii huanguka mvua za kwanza. Akajitolea kukaa humo siku chache aiangalie na kuiwekea nguzo. Ila wenyewe watoke, kwa usalama wa watoto.

Walitoka. Mama Ngiri alikunja mkeka, watoto wakabeba vyungu, na Mzee Ngiri akamshukuru Ngawa kwa moyo wake. Waliporudi walikuta mlango wa mbao, mpya, wenye kitasa. Mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kuweka mlango wenye kitasa kwenye shimo katika bonde lile.

Mahakamani Ngawa aliuliza tena maswali yake, na Bi Kiboko akajibu tena. Hukuingia bila hodi. Hukuchukua bila kuomba. Hukukimbia ulipoitwa. Mzee Ngiri akasema kwa hasira kwamba mtu huyu aliahidi kuangalia dari tu.

"Ninaendelea kuiangalia," alisema Ngawa. "Imeanguka?"

Haikuwa imeanguka. Familia ya Ngiri ikahamia chini ya kichaka cha miiba, na mvua ikaanza. Tangu siku hiyo Mzee Ngiri alipopita bwawani aligeuza uso upande wa pili, na Bi Kiboko, aliyezoea kuamkiwa na kila mtu, alihisi ukimya ule zaidi ya vile ambavyo angehisi kelele.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana wa tatu ndiye aliyewashangaza wote. Wa tatu alikuwa Bi Kiboko mwenyewe.

Bi Kiboko alikuwa na shamba la maboga kando ya mto, maboga makubwa ambayo watoto waliyapanda migongo wakicheza farasi. Asubuhi moja Ngawa alibisha hodi ukingoni. Alisifu hukumu zake, kwamba hajaona hakimu asiyeyumba kama yeye. Alisifu masikio yake. Kisha akayagonga maboga, moja moja, akainamisha kichwa kusikiliza, na akasema kwa huzuni kwamba yameingiwa na mdudu wa ndani. Dawa yake ni moto na moshi tu. Kama hakimu anaona vyema, yeye yuko tayari kuyapitisha motoni.

Mtauliza: hakimu mzima, aliyekwisha kumsikia mtu huyu mara mbili, alimwaminije? Nami nitawaambia. Kusifiwa ni kutamu, na Ngawa alinukia vizuri sana asubuhi hiyo. Bi Kiboko aliyabeba maboga mwenyewe, akayashusha mbele ya mlango wenye kitasa. Jioni alinusa harufu ya maboga yaliyopikwa kwa nazi ikitoka kule shimoni, na ndipo akili yake ikarudi.

Alikuja mahakamani akiwa mlalamikaji. Kwa vile hakimu mwingine hakuwapo katika nchi nzima, alitoka majini akasimama ukingoni, akaeleza shida yake kwa machozi. Kisha akarudi majini kwa kishindo, akakaa, akamuuliza yule mlalamikaji kama mshtakiwa alibisha hodi. Akatoka tena majini kujibu kwamba alibisha. Akaingia kuuliza kama aliomba. Akatoka kujibu kwamba aliomba. Akaingia, akatoka, maji yakapungua bwawani, na Chura akarushwa kutoka kwenye jani lake kila mara. Watu walikuwa wamelala chini kwa kicheko.

Ngawa alisema kwamba aliahidi kuyapitisha maboga kwenye moto, na yalipita.

Nyegere, ambaye alikuwa bwana mwenye hasira za karibu, alimsihi Bi Kiboko amfunge njuga tu, nani atamlaumu? Bonde zima lingeshangilia. Bi Kiboko alijua kwamba akimfunga leo bila sheria kwa sababu ya maboga yake, alipaswa kumfunga juzi kwa sababu ya mtama wa mjane. Akatamka kwamba sheria haimwoni mwizi hapa. Akajishinda mwenyewe kwa mdomo wake mwenyewe. Usiku huo hakula, na si kwa sababu maboga hayakuwapo.

Kesho yake akaita baraza. Aliwaambia watu kwamba bibi zao walitunga sheria nzuri kwa wezi wa zama zao, na sasa mwizi amejifunza adabu. Sheria nayo lazima ijifunze.

Nyegere hakungoja amalize. Alipendekeza iwe hivi: kila asemaye uongo ni mwizi, basi. Wote wakashangilia, ikapita, na Chura akaitangaza mara tatu.

Asubuhi iliyofuata palikuwa na foleni mahakamani kutoka bwawani mpaka mlimani. Kwale alikuwa amemwambia rafiki yake kwamba yuko njiani anakaribia, naye bado yuko kitandani. Bwana mmoja alikuwa amemwambia mama mkwe wake kwamba ugali wake hauna mfano. Mama mmoja alimwambia mwanawe kwamba asipolala Fisi atakuja kumchukua, na Fisi mwenyewe alikuja kushtaki, kwa sababu saa hiyo alikuwa kwake anaoga. Mhunzi Msabaha alifunga njuga mpaka chuma kikamwishia, akayeyusha majembe, kisha na yeye akashtakiwa na bonde zima, maana kila mteja alikuwa amemwambia aje kesho jioni atakuta kitu chake kiko tayari. Akajifunga njuga mwenyewe, huku akilia. Nyegere alidumu mpaka saa sita mchana. Shemeji yake alimtembelea, akauliza kama amemsumbua, naye akajibu kwamba hata kidogo.

Bonde zima likawa chwi, chwi, chwi. Mmoja tu hakuwa na njuga, naye ni Ngawa, kwa sababu siku hizo aliamua kuwa bubu.

Sheria hiyo ikafutwa. Chura akaleta ya kwake: asitoe mtu, asipokee mtu, na kila apokeaye cha mwenzake ni mwizi. Wakaipitisha kwa uchovu. Wageni wakakaa vibarazani bila hata maji. Wajomba wa bibi harusi wakakataa kupokea mahari, na bwana harusi akasimama mlangoni na mbuzi wake mpaka mbuzi akazaa. Mkunga mmoja aliitwa kwa mama mwenye uchungu, akafika, akasimama mikono nyuma, akisema kwamba kama mtoto anataka kutoka atoke, lakini yeye kumpokea hapokei. Hiyo nayo ilifutwa kabla mkunga hajamaliza sentensi.

Bi Kiboko aliona aibu. Akatoka majini peke yake, akaenda mpaka kwa Kanga, akabisha hodi. Watoto wa Kanga walikuwa wakidonoa mchanga. Aliuliza jambo ambalo hakuwa ameuliza siku ya kesi: kitu gani hasa kilimuuma?

Kanga alifikiri kidogo. Alisema kwamba mtama kuondoka si jambo. Amekwisha kugawa mtama mara nyingi, kwa majirani, kwa wapita njia, na angegawa tena.

"Mwaniambia nilimpa Ngawa," alisema. "Mimi sikumpa Ngawa, Bi Hakimu. Mimi nilimpa dada yangu. Ngawa alisimama pale mahali pa dada yangu, akapokea."

Bi Kiboko alimwomba aseme tena. Kanga akasema tena. Kisha hakimu akarudi bwawani akikimbia, na Kiboko akikimbia nchi hutikisika, ikabidi watu watoke nje kuangalia kuna nini.

Sheria mpya ya tatu ilikuwa hivi: "Anayesema uongo, akijua ni uongo, ili kitu cha mwenzake kimtoke mkononi, huyo ni mwizi, hata kama alibisha hodi, hata kama aliomba, hata kama hakukimbia. Na ashikwaye atarudisha alichochukua; akiwa amekila, atalipa kwa alicho nacho." Watu waliigeuza huku na huku. Kwale akauliza kama yeye aliyesema yuko njiani yumo. Hayumo, hakuna kilichomtoka rafiki yake ila subira. Mkunga je? Apokee watoto kwa amani. Wakaipitisha.

Ngawa alikuwapo barazani. Ububu wake ulikuwa umepona. Akanyoosha mkono, akauliza kwa upole kama sheria hii mpya inafika na nyuma, kwenye mambo yaliyopita.

Watu wote wakamgeukia hakimu. Mzee Ngiri alikuwa amesimama nyuma, amelowa, miiba kwenye manyoya yake. Mtoto wake mdogo alikuwa akikohoa. Bi Kiboko aliwaona. Alitamani kusema ndiyo kuliko alivyowahi kutamani jambo lolote.

"Haifiki," alisema. "Siku ile haikuwapo. Siwezi kumfunga mtu kwa sheria ambayo haikuwapo."

Nyegere alitupa jiwe majini kwa hasira. Mzee Ngiri aliondoka, na familia yake ikamfuata. Ngawa alishukuru baraza, akaenda nyumbani, na wote wakasikia kitasa kikifunga.

Basi, mngedhani mtu wa namna hiyo angetulia. Ana nyumba, ameshiba, na sheria imempita pembeni. Lakini Ngawa alikuwa hawezi kuona jambo geni bila kujiuliza litamfaa vipi, na sheria mpya lilikuwa jambo geni. Akalitazama, akaligeuza, akacheka.

Siku chache baadaye Bi Kiboko alitoka kwenda kumwona mtoto wa Ngiri aliyekuwa akikohoa. Hakuwa na hakika kama atakaribishwa. Alipofika kwenye kichaka, kabla hajabisha hodi, alisimama. Pale palikuwa pananukia. Ilikuwa harufu nzuri, nzito kidogo, ya mafuta.

Alimuuliza Mzee Ngiri kama alipata mgeni. Ngiri akasema hakupata. Akamuuliza kikapu kile kitupu kilikuwa na nini. Ngiri akasema hakikuwa na kitu. Akamuuliza watoto wanakula nini leo. Mzee Ngiri akatazama chini, na Mama Ngiri akatazama pembeni, na ikawa dhahiri kwamba hawali kitu.

"Mzee Ngiri," alisema Bi Kiboko, "mimi ninayeitwa hakimu nilibeba maboga mgongoni nikampelekea mpaka mlangoni. Nikamshukuru. Wewe umefanya nini cha kunizidi?"

Pembe ya mdomo wa Mzee Ngiri ikatikisika, maana alikumbuka siku ile ya kuingia na kutoka majini. Akacheka kidogo, na katika kucheka akaanza kusimulia.

Ngawa alikuwa amekuja jana, amebisha hodi, amejipangusa miguu. Alisema ametumwa na mahakama. Kwamba hakimu amejuta, na ameamua kwa siri kuwarudishia nyumba wote walioonewa, lakini sheria mpya inataka kila mlalamikaji atoe kwanza kikapu cha viazi, kama ada ya kufungulia shauri. Ngawa mwenyewe, kwa majuto yake, amejitolea kuzikusanya. Mzee Ngiri alitoa viazi vyote vilivyobaki. Jioni alijua ameliwa tena. Akamwambia mkewe wasimwambie mtu, kwa sababu mara ya kwanza watu humhurumia aliyedanganywa, mara ya pili humwita mjinga.

Bi Kiboko hakusema pole nyingi. Aliuliza tu kama yuko tayari kuyasema haya bwawani, mbele ya watu. Mzee Ngiri akamtazama mtoto wake. Akasema yuko tayari.

Siku ya kesi hapakuwa na nafasi hata ya kusimama. Ngawa alikuja amejipaka mara mbili, akaweka mkono kifuani, akauliza kama aliingia bila hodi. Watu wenyewe wakamjibu kwa pamoja kwamba hakuingia bila hodi. Akauliza kama alichukua bila kuomba. Hakuchukua bila kuomba. Akauliza kama alikimbia alipoitwa. Hakukimbia. Ngawa akainama kwa heshima, akidhani amemaliza.

"Sasa na mimi nina moja," alisema Bi Kiboko. "Nani alikutuma kwa Mzee Ngiri?"

Ngawa alisema alisikia habari njiani kwamba mahakama inatuma watu.

"Hukumwambia Ngiri umesikia. Ulimwambia umetumwa. Mahakama ni mimi na Chura. Mimi sikukutuma. Chura, ulimtuma?"

Chura akasema hakumtuma, hakumtuma, hakumtuma, na safari hii hakuna aliyechoshwa.

Mzee Ngiri akasogea mbele, na miiba yake yote, akasema viazi vile hakumpa Ngawa, aliipa mahakama apate nyumba yake. Kanga aliyekuwa katikati ya watu aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayesikia maneno yake yakitoka mdomoni kwa mtu mwingine.

Bi Kiboko akatamka kwamba safari hii sheria inamwona mwizi, na kwamba amesimama pale pale. Atafungwa njuga, atachota maji, na atarudisha viazi.

Ngawa, kwa sauti ndogo, alisema viazi ameshavila. Hakimu akamuuliza ana nini cha kulipia. Ngawa akasema hana kitu, yeye ni maskini.

"Una nyumba," alisema Bi Kiboko.

Ngawa alimtazama hakimu, akaiona hatari kutoka mbali, lakini watu walikuwa wakimsikiliza na njia ya kupita hakuiona. Akisema nyumba si yake, amekiri mbele ya umma kwamba aliichukua kwa hila. Akisema ni yake, basi.

"Mahakama hii," aliendelea Bi Kiboko, "ilisema hukuiiba. Nilisema mwenyewe, nikiwa hapa hapa. Ni yako au si yako?"

"Ni yangu," alisema Ngawa, na sauti ilimtoka kama ya mtu anayemeza jiwe.

"Vizuri. Kwa kuwa ni yako, ndiyo utakayolipia."

Kelele iliyopigwa hapo ndege waliisikia mlimani. Mzee Ngiri peke yake hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa haki mpaka akachosha. Alisema nyumba ni kubwa kuliko kikapu cha viazi, na yeye hataki kilichozidi. Wakatafuta cha kumrudishia Ngawa, wakakuta kitu kimoja tu humo ambacho alikileta mwenyewe. Wakang'oa mlango, wakampa pamoja na kitasa chake.

Msimu mzima Ngawa alichota maji, chwi, chwi, chwi, na bustani ya kwanza kila asubuhi ilikuwa ya Kanga. Jioni alilala uwandani nyuma ya mlango wake, ambao alikuwa ameuegemeza kwenye kichuguu. Aliufunga kwa kitasa kabla ya kulala. Mvua ilipokuja ilimlowesha kwa pande zote zilizobaki.

Maboga yake Bi Kiboko hakuyapata. Kesi ile alishindwa, na kushindwa ni kushindwa. Mtama wa Kanga nao haukurudi. Hilo alilijua, na lilimuuma.

Lakini siku ambayo familia ya Ngiri ilihamia tena nyumbani, Bi Kiboko alitoka majini katikati ya mchana, jua kali likimpasua ngozi, akatembea mpaka pale akasimama mbali kidogo, asije akawabana. Mama Ngiri alitandika mkeka. Watoto wakaingia na vyungu. Mwisho akaingia Mzee Ngiri. Na Ngiri, kama mnavyojua, huingia nyumbani kwake kinyumenyume, miguu kwanza, ili aone anayemfuata. Kwa hiyo kitu cha mwisho kuonekana kilikuwa uso wake, kwenye mdomo wa shimo, unamtazama hakimu moja kwa moja.

"Shikamoo, Bi Hakimu," alisema.

"Marahaba, baba," alisema Bi Kiboko. Akasimama kidogo mpaka uso ule ukapotea ndani, kisha akarudi bwawani, akazama, akalala usingizi.

Hapo ndipo hadithi yangu iliponiacha nami nikaiacha. Ikiwa imewafaa, gawaneni. Ikiwa haikuwafaa, nirudishieni, nitalala nayo mwenyewe.